Moyo wa Kijacho Kwenye Spika Kubwa

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nimeshinda. Naandika nimesimama, kukaa siwezi kwa furaha.

Mteja mmoja, mwuza vifaa vya hospitali vilivyokwisha tumika, aliniletea redio yake ya gari nimtengenezee. Nimeitengeneza, inaimba kama mpya. Leo amekuja kuichukua, mfukoni hana kitu. Akaanza kunieleza hali ilivyo ngumu. Mimi simsikilizi, macho yangu yameshatua ndani ya boksi lake. Kidude cheupe, ukubwa wa redio ya mfukoni. Waya umejikunja. Mwisho wa waya, kitu kama maikrofoni. Nikauliza ni nini. Akasema kipima moyo wa mtoto aliye tumboni. Unaweka ile maikrofoni kwenye tumbo la mama, moyo wa mtoto unausikia. Nikamwambia achukue redio yake aende kwa amani, hicho kinabaki hapa.

Aliondoka haraka sana. Maskini, hajui alichopoteza.

Sababu niiandike, maana iko siku mtoto mwenyewe atasoma. Mke wangu ana mimba, mwezi wa nane umekwisha. Ile ya kwanza ilitoka. Hatuizungumzii. Tangu hii iingie hajatulia hata kidogo. Anashona nguo za watu, mguu kwenye pedali, mkono mmoja kwenye kitambaa, wa pili tumboni. Akienda kliniki akasikilizishwa moyo wa mtoto, anarudi anatabasamu. Tabasamu linakaa siku moja, mbili, kisha linaanza kuchuja kama kanga ya bei rahisi. Mpaka siku ya kliniki nyingine anakuwa mtu wa kushtuka tu. Mimi hali hiyo siiwezi. Inaniuma.

Na mkunga wa kliniki ya hospitali ni nani? Shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu. Yaani tabasamu la mke wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, liko mikononi mwa shemeji, analigawa kwa miadi. Mimi ni fundi wa redio na spika, mtu ninayekula kwa sauti. Kliniki kazi yangu ni kubeba mkoba.

Zama hizo zimekwisha. Kifaa nimekipa jina: Sikio.

Jumapili, 4 Agosti

Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Sikuihitaji. Fundi anayesoma maelekezo ni sawa na mpishi anayeulizia jiko liko wapi.

Kasoro moja tu. Kliniki shemeji humpaka mke wangu jeli fulani tumboni kabla ya kupima. Sina. Nikaenda kwa Kinyozi, ambaye duka lake na karakana yangu ya hapa nyumbani vinagawana ukuta, nikamwomba jeli ya nywele. Akataka kujua ya nini. Nikamwambia ni siri ya kiufundi. Jeli haijakauka, mtaa mzima unajua.

Mke wangu mwanzoni alisita. Alisema tumbo lake si redio. Nikambembeleza. Akalala kwenye kochi, nikampaka, akalalamika kwamba ni baridi na inanukia kama bwana harusi. Nikaweka maikrofoni. Mikwaruzo. Mikwaruzo. Halafu, subhanallah. Du. Du. Du. Wazi kabisa! Kioo kikaandika themanini.

Mke wangu akafunika uso na kanga akalia. Kilio kizuri. Akasema mbona mtoto mtulivu hivyo. Nikamwambia amechukua kwa baba yake. Chakula cha jioni nimepewa finyango kubwa kuliko zote. Shemeji hajawahi kupewa finyango hiyo.

Jumanne, 6 Agosti

Siku kubwa. Ina doa dogo, nitalitaja kwa kifupi.

Asubuhi niliona si haki sauti ya mwanangu kutoka kwenye kispika cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikachoma lehemu, nikavuta waya kutoka Sikio mpaka kwenye spika yangu kubwa, ile ya kukodisha kwenye sherehe. Mke wangu akakubali kukaa karakanani kwenye kiti cha wateja, kwa sharti mlango urudishwe nusu. Nikaurudisha nusu. Sauti ikatoka kwa nusu iliyobaki.

Watu walijaa. Wateja wa Kinyozi walikuja na vitambaa shingoni, mmoja kichwa kimenyolewa upande. Kinyozi mwenyewe alikuja na mafua yake, anakohoa kama gari linalokataa kuwaka. Akasema sauti hiyo mbona kama pampu ya maji. Wivu. Ana watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyetangazwa kwa spika.

Nikawa nawaeleza watu jinsi moyo wa mtoto unavyofanya kazi. Hapo ndipo shemeji alipotokea, anatoka kazini. Akasimama mlangoni, mikono kifuani. Hakusalimia. Akaja moja kwa moja, akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akawa anatikisa kichwa kufuata mapigo. Du, kichwa. Du, kichwa. Kisha akatangaza mbele ya umati kwamba huo ni moyo wa mdogo wake. Wa mtoto hukimbia karibu mara mbili ya huo. Akasema tangu juzi shemeji yake anasherehekea kwamba mkewe yu hai.

Nikasema hilo nalo si jambo dogo. Watu wakacheka, nadhani walicheka pamoja nami.

Kisha akachukua maikrofoni, akaishusha chini, pembeni, akailaza kidogo. Ghafla karakana ikajaa mbio. Tiki tiki tiki tiki, mbio kama mtu anateremka mlima hana breki. Kimya. Hata Kinyozi alinyamaza, halafu akakohoa. Mke wangu alifumba macho. Alinitafuta mkono, akanikamata kidole kimoja tu, akakibana. Machozi yalinitoka. Moshi wa lehemu ule, macho yangu hayauwezi.

Shemeji hakuondoka bila hotuba. Kwamba kifaa hiki si cha nyumbani. Kwamba kusikia moyo hakumaanishi mtoto ni mzima, moyo unaweza kudunda na mtoto yuko taabani. Anayejua hali ya mtoto ni mama mwenyewe, kwa jinsi anavyocheza tumboni. Akipunguza kucheza, hakuna cha kupima wala kusubiri kesho, ni kliniki papo hapo. Akayasema mara ya pili, akinitazama mimi.

Namwelewa. Mtu akiona kazi yake inaingia kwenye boksi dogo, lazima aseme kitu. La muhimu ni kwamba Sikio linafanya kazi, na aliyethibitisha ni mkunga wa serikali. Ushindi.

Nyongeza: sauti yote nimerekodi. Kila kinachopita kwenye spika ile hurekodiwa, ndiyo kawaida yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya mitihani. Juzi nilimtafuta Kijacho, ndivyo tunavyomwita mtoto, sikumpata. Jana vilevile. Leo nimesikia upepo, nimesikia tumbo likisaga maharage, nimesikia moyo wa mke wangu mara nyingi mpaka tumezoeana. Wa mtoto, hakuna. Nimeshusha chini, nimeweka pembeni, nimelaza kidogo, kama shemeji. Labda kidogo yangu si kidogo yake.

Halafu Sikio likadaka stesheni ya redio. Mtu akaanza kusoma hali ya hewa kutoka tumboni. Mke wangu akauliza kama mtoto amekwisha ajiriwa. Alikuwa anatania. Lakini nilipozima na kuwasha tena, na tena, na mtoto hayupo, utani ulimwisha. Uso wake ulibadilika. Ni uso wa ile mara ya kwanza, naukumbuka. Akauliza polepole kama kuna tatizo. Nikasema betri.

Mtoto mwenyewe alikuwa anacheza, alimpiga teke nikaliona kwa macho yangu, kanga ilinyanyuka. Lakini akishakosa kuisikia sauti, hata teke halimtoshi tena. Anataka sauti. Na mimi ndiye niliyemzoesha.

Mke wangu hatakuwa na uso ule tena. Si ndani ya nyumba ya fundi. Nafikiri.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefikiri. Nimepata. Wakati mwingine najiogopa.

Sauti ya Kijacho ninayo. Ile ya Jumanne, safi, imethibitishwa na mkunga. Sasa, moyo wa mtoto leo na moyo wa mtoto Jumanne, si mtoto yuleyule? Ni yuleyule. Si moyo uleule? Ni uleule. Basi kuna ubaya gani mama yake akiusikia?

Nimeisafisha. Nimeondoa mikwaruzo, nimeongeza besi kidogo ili ipendeze. Nimeunganisha rekodi kwenye waya uleule wa spika, na chini ya meza nimeweka swichi ya mguu. Swichi ni pedali ya cherehani, ile ya akiba ambayo mke wangu huihifadhi kwenye kikapu cha vitambaa. Haitumii. Nikikanyaga, rekodi inaimba. Nikiachia, inanyamaza. Mkono uko tumboni na maikrofoni, uso umetulia kama daktari. Kioo nimekibandika utepe mweusi, nimesema kimekufa.

Kasoro moja. Mwishoni mwa rekodi kuna kikohozi cha Kinyozi. Nimejaribu kukikata, kinaondoka na mapigo. Si neno. Nani atasikiliza mpaka mwisho?

Leo tumejaribu. Nimeweka maikrofoni, nimekanyaga. Tiki tiki tiki. Papo hapo! Mke wangu akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani aliibana tangu Ijumaa. Akasema mume wangu umekuwa bingwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na pedali.

Alhamisi, 15 Agosti

Raha mustarehe. Mke wangu analala vizuri. Anashona anaimba. Amemaliza sare za shule za watoto wa jirani, amenishonea na mimi kaptula kwa kitambaa kilichobaki. Kila asubuhi kabla ya kazi tunasikiliza kidogo, basi. Tabasamu halichuji tena, linapakwa upya kila siku.

Shemeji alimpigia simu kumkumbusha kliniki wiki ijayo. Mke wangu akamjibu kwamba hana wasiwasi, nyumbani tunamsikia mtoto kila siku. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilisikia kimya cha shemeji upande wa pili. Kimya kitamu sana.

Mambo madogo mawili. Kinyozi amekuja kuniomba nimpime binamu yake, naye mja mzito. Nikasema haiwezekani, kifaa kimeshazoea tumbo moja. Ameondoka amenuna. La pili, pedali ya mke wangu imeanza kusumbua, na amepindua kikapu chote cha vitambaa anatafuta ile ya akiba. Ameniuliza kama nimeiona. Nimesema panya. Akauliza panya anafanya nini na pedali. Nikasema panya wa siku hizi.

Jumatatu, 19 Agosti

Naandika kwenye korido ya hospitali, nyuma ya risiti ya mtu. Nitayanakili baadaye, kama yatakuwepo ya kunakili.

Leo baada ya chakula cha mchana mke wangu alikuja karakanani, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuitwa. Akasema Kijacho hajacheza leo. Jana pia alicheza kivivu. Amekunywa maji ya baridi, amelala ubavu, ametikisa tumbo. Kimya. Akaniomba nimsikilizishe.

Mguu wangu haukuniuliza. Ulikanyaga wenyewe, kwa mazoea.

Tiki tiki tiki, na besi yake. Mke wangu akashusha mabega. Kisha akayapandisha tena. Akaweka mkono tumboni, akauacha pale. Akasema lakini hachezi. Akaniomba niiache iendelee, asikilize vizuri.

Nikaiacha. Nilichokuwa nasikiliza ni mtoto wa Jumanne ile. Wa leo sijui alipo. Maneno ya shemeji yote yalinirudia, na sauti yake, na macho. Nilitaka kusema. Naapa kwa lehemu yangu nilitaka kusema, mdomo ulikuwa umekwisha funguka.

Tumbo la mke wangu likakohoa.

Mara mbili. Kikohozi kizito cha mwanamume mwenye mafua.

Kinyozi alikuwa amesimama palepale mlangoni, amekuja kuazima bisibisi. Mafua yalimwisha zamani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mke wangu akamtazama Kinyozi. Akatazama tumbo lake. Akatazama spika. Kisha akainama, kwa shida, na tumbo lote lile, akachungulia chini ya meza. Akauona mguu wangu. Akaiona pedali yake.

Nilidhani atapiga kelele. Bora angepiga. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni tangu lini. Nikamwambia. Akasimama, akavaa ndala, akasema twende.

Kinyozi hakuuliza swali. Alimwacha mteja kitini na povu kidevuni, akatoa gari lake. Njiani hakusema ila mara moja, kwamba mficha uchi hazai. Sijui alikuwa anamwambia nani, ndani ya gari tulikuwa watatu.

Shemeji alikuwa zamu. Mke wangu akamweleza yote kwa maneno machache, pamoja na pedali. Shemeji hakunitazama, hakuwa na muda wa kunitazama. Walimlaza, wakampima kwa mashine kubwa inayochora. Moyo ulikuwepo. Ulikuwepo! Lakini haukuwa ule wa kwangu. Unakimbia, unapungua, unasitasita, kama mtu aliyechoka anapanda ngazi. Daktari akaja, akatazama mchoro, akasema mtoto atolewe sasa hivi kwa upasuaji.

Walipokuwa wanamsukuma, mke wangu alinikamata mkono wa shati. Hakunitazama usoni, lakini hakuuachia mkono mpaka mlangoni. Nilimwambia nisamehe. Sijui kama alisikia, magurudumu ya kitanda yale yanahitaji mafuta.

Nipo hapa. Kinyozi amekaa kando yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na nilimwita mwenye wivu. Ee Mungu, lichukue Sikio, chukua spika, chukua karakana yote. Niachie hawa wawili.

Jumanne, 20 Agosti

Msichana!

Mzima. Mama yake mzima. Ana nywele nyingi, Kinyozi amekwisha ahidi kumnyoa bure. Analia kwa sauti nzito yenye besi. Sikuongeza kitu safari hii, ndiyo sauti yake.

Jana mlango ulipofunguka shemeji alitoka, barakoa imeshuka kidevuni. Alisema binti. Kisha akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni kando ya miguu yangu, na mavazi yake ya kazi. Naye alikuwa analia. Sikuwahi kujua kwamba shemeji hulia. Akasema kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni, mtoto alikuwa amekwisha choka. Akasema kama mdogo wake angerudi kulala, akabembelezwa na lile boksi mpaka asubuhi... Hakumaliza. Mimi pia sikumwomba amalize.

Nilikaa naye sakafuni.

Leo nimempakata. Ni mwepesi kuliko transfoma ya redio ndogo. Alinishika kidole kimoja, akakibana, kama mama yake siku ile. Mke wangu alikuwa anatutazama. Akasema bado amekasirika. Akasema atakasirika kwa muda mrefu, nisimharakishe. Kisha akaniambia nishike vizuri shingo ya mtoto.

Ijumaa, 23 Agosti

Tumerudi nyumbani. Watu wamejaa, kila mtu anauliza habari za kikohozi. Kinyozi anaisimulia kwa wateja wake, kila kichwa kinachonyolewa kinapata toleo jipya. Katika toleo la leo mchana mtoto alipiga chafya na kuomba bisibisi.

Nimepata nafasi ya kulitafakari jambo hili kwa akili iliyotulia. Na akili iliyotulia inaniambia yafuatayo. Mke wangu alijuaje kwamba anadanganywa? Kwa kikohozi. Bila kikohozi angerudi kulala. Basi kikohozi ndicho kilichomwokoa mwanangu. Kikohozi kilikuwa wapi? Kwenye rekodi. Nani alirekodi? Mimi. Na nani, kwa busara ya ajabu, alikataa kukikata?

Nilimweleza shemeji hesabu hii alipokuja kumkagua mama na mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nalala vizuri siku hizi. Nikasema ndiyo. Akasema kama si usingizi, basi hana msaada. Akaongeza kwamba aliyemwokoa mtoto ni mama yake, aliyejua hachezi, akakataa kutulizwa. Tukakubaliana kwamba kila mmoja ana maoni yake.

Kisha wakaniweka kati, yeye na mke wangu. Wakanitaka niape. Nikanyoosha mkono, mbele ya mtoto na Kinyozi kama mashahidi, nikaapa kwamba Sikio halitagusa tena tumbo la mke wangu, wala la mwanamke yeyote mja mzito, maisha yangu yote. Pedali nimeirudisha kikapuni, nimeipangusa vumbi. Panya nimemwomba radhi.

Kiapo nimeapa kwa moyo safi. Nimejifunza. Mtu mzima hukosea, mtu mzima hujirekebisha.

Jumamosi, 31 Agosti

Shemeji ameleta nepi, amekunywa chai, amenisifu. Amesema tangu siku ile nimekuwa mtu mwingine. Nafua, nabeba, nambembeleza mtoto. Mke wangu naye amecheka leo, mara ya kwanza tangu siku ile, kicheko cha kweli. Nimeshinda, na safari hii bila waya.

Shemeji alipoondoka, mke wangu akaenda kuoga, akaniachia mtoto karakanani. Amelala kwenye kikapu chake juu ya meza. Amelala sana. Nimemtazama, hatikisiki. Nimesogea, hatikisiki. Kifua sijui kinapanda, sijui hakipandi, blanketi hili nene. Mtoto wa kuzungukwa na kitovu huyu. Nani angeweza kukaa tu? Wahenga wanasema tahadhari kabla ya hatari.

Sikio lilikuwa kwenye droo. Kiapo nakikumbuka neno kwa neno: tumbo. Hiki ni kifua.

Jeli ya Kinyozi ilibaki kidogo kwenye kopo. Nimempaka. Nimeunganisha spika kubwa ili nisikosee. Nimeweka maikrofoni, chini, pembeni, nimeilaza kidogo, na hapohapo mtoto ameanza kupiga kelele za ajabu. Jeli hii kweli ni baridi. Amekunja ngumi, amekuwa mwekundu, anarusha miguu, spika inatetemesha madirisha. Kinyozi amekuja mbio na mashine ya kunyolea mkononi, inanguruma. Nimewaomba wote wawili wanyamaze, maana kwa makelele haya moyo siusikii kabisa.

Mke wangu anapaza sauti kutoka bafuni, anauliza mtoto analia nini. Nimemjibu awe na subira kidogo, bado natafuta kama yu mzima.